Sura ya Tano: Maradhi ya Nzige

Mwaka 2009 nzige wekundu walifurika magharibi mwa Tanzania. Walizaliana kwenye tambarare za Ziwa Rukwa, kwenye mbuga za Iku na Katavi ndani ya hifadhi ya taifa, na kwenye bonde la mto Malagarasi. Wadudu hawa wana historia mbaya huko. Makundi yaliyotoka Rukwa na Mweru wa Ntipa, upande wa Zambia, kuanzia 1930 yalitapakaa karibu Afrika yote kusini mwa ikweta, na balaa hilo halikukoma mpaka 1944. Ndiyo maana Rukwa, Wembere na Malagarasi zimo hadi leo katika orodha fupi ya mazalia yanayochungwa na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, lenye makao yake Ndola, Zambia.

Sumu ya kuua nzige ilikuwapo. Tatizo lilikuwa mahali penyewe. Katavi, kiangazi kikikaza, viboko hujazana mamia kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki. Malagarasi na Muyovozi ni ardhi oevu iliyoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, na samaki wake ni kitoweo na riziki ya watu wengi. Ndege ikimwaga sumu kama fenitrothion juu ya maji ya namna hiyo, sumu haichagui. Inawapata nzige, inawapata wadudu wanaoliwa na samaki, na inawapata korongo na mwewe wanaokusanyika kuokota nzige wanaotapatapa chini.

FAO na shirika la Ndola wakachagua kitu kingine. Ndege zilipulizia Green Muscle, yaani unga wa spora za kuvu iitwayo Metarhizium acridum, uliokorogwa kwenye mafuta. Takriban hekta 10,000 zilipuliziwa. Nzige wakadhoofika na kufa kabla hawajahama, na FAO ikakadiria kwamba chakula cha watu zaidi ya milioni 15 katika ukanda huu kilinusurika. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa dawa hai kutumika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa hivyo, na ilifanyika kwetu.

Nadhani Watanzania wengi hawajawahi kulisikia tukio hilo. Ushindi usiokuwa na kishindo hausimuliwi. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba miaka kumi baadaye, nzige wa jangwani walipoingia Kenya, Ethiopia na Somalia, nchi nyingi zilirudia sumu zilezile za zamani. Kuvu ilishathibitishwa, ila ghalani haikuwapo ya kutosha. Kwa nini? Jibu liko katika tabia ya kuvu yenyewe, na katika namna tunavyoinunua, kuihifadhi na kuitumia kana kwamba ni sumu ya chupa wakati ni kiumbe hai.

Tuanze na namna inavyoua. Gramu moja ya Green Muscle ina spora zipatazo bilioni 50, na gramu 50 zinatosha hekta nzima. Spora ikimwangukia mdudu inanata kwenye gamba lake, kwa kuwa gamba la mdudu limepakwa nta, na ngozi ya spora nayo inakataa maji. Vitu viwili visivyopenda maji hukamatana vizuri. Ndani ya siku moja hivi spora inaota. Inatoa mrija mwembamba, na ncha ya mrija huo inavimba na kujibandika. Hapo kazi mbili zinafanyika kwa pamoja: kuvu inasukuma kwa nguvu kuelekea ndani, na inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha mafuta, protini na kitini, vitu ambavyo ndivyo gamba lenyewe. Ikishapenya, inaingia kwenye damu ya mdudu na kugeuka chembe ndogondogo zinazochipuka na kuongezeka kama hamira, zikila sukari ya damu na kusambaa mwili mzima. Baadhi ya kuvu za jamii hii huongeza na sumu zake za kulegeza misuli na kuvuruga kinga.

Muda wote huo nzige anatembea. Ukimtazama siku ya pili huwezi kumtofautisha na mzima. Baada ya siku chache zaidi hamu ya kula inampungua, na hili mkulima alishike, kwa maana mdudu asiyekula hana madhara hata kama bado yuko hai. Halafu anafanya jambo la ajabu: anatafuta jua. Nzige mgonjwa huota jua muda mrefu kuliko kawaida mpaka joto la mwili wake lifike karibu nyuzi 40, akijitia homa kwa makusudi. Kuvu hii inastawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Kwenye 40 inasimama. Jua likizama, mwili unapoa, na kuvu inaanza tena pale ilipoishia. Hivyo mchana ni wa nzige na usiku ni wa kuvu. Penye jua kali vita hivyo vinaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Penye joto la wastani, wiki moja inatosha. Mzoga wa nzige aliyekufa kwa kuvu hii hugeuka mwekundu mwekundu na kukakamaa, na unyevu ukiwepo, kwenye maungio ya miguu na shingo hutokeza utando mweupe ambao baadaye unakuwa wa kijani. Ule ukijani ni spora mpya, tayari kwa mdudu atakayepita.

Jambo moja linaitofautisha kuvu na dawa nyingine hai. Bakteria na virusi vinavyoua wadudu lazima viliwe. Kiwavi anayetafuna jani atavila, lakini kidukari, kithiripi au inzi mweupe anachoma mdomo wake kwenye mmea na kunyonya utomvu wa ndani, asiguse kilichopuliziwa juu ya jani. Kuvu haisubiri kuliwa. Inaingia kwa ngozi.

Maarifa haya yana umri mkubwa kuliko dawa zote za viwandani tunazozijua. Agostino Bassi, mtu wa Lodi huko Italia aliyesomea sheria, alihangaika miaka mingi na ugonjwa uliokuwa ukiwafanya viwavi wa hariri wakauke na kufunikwa na unga mweupe. Mwaka 1835 alichapisha hitimisho lake: unga ule ni kiumbe hai, na ndicho kinachoambukiza. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa mnyama kuthibitishwa kuwa unaletwa na kijidudu, miongo kadhaa kabla ya kazi mashuhuri za Pasteur. Kuvu ile leo inaitwa Beauveria bassiana, kwa heshima yake. Mwaka 1879 Elie Metchnikoff, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa kinga ya mwili, aligundua kuvu ya kijani kwenye mabuu ya mbawakawa waliokuwa wakiharibu ngano karibu na Odessa, akapendekeza ioteshwe kwenye machicha ya bia na kutawanywa mashambani. Miaka mitano baadaye, huko Smela katika Ukraine ya leo, Krassilstschik alifungua kiwanda kidogo kilichotengeneza spora za kuvu hiyo dhidi ya fukusi wa viazisukari.

Kisha zikaja sumu za kemikali, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na kuvu ikasahaulika. Sumu ilikuwa rahisi, ilikaa stoo miaka, na mdudu alianguka palepale. Dhidi ya nzige, dieldrin ilipuliziwa kwa mistari jangwani na kubaki inaua kwa majuma. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoiponza, maana kitu kinachokataa kuoza kinaishia kwenye maziwa ya ngamia na mwili wa binadamu. Ilipopigwa marufuku, nzige wa jangwani wa 1986 hadi 1989 walikabiliwa kwa sumu za muda mfupi zilizomwagwa juu ya mamilioni ya hekta za Sahel na Afrika Kaskazini. Wafadhili waliolipia kazi hiyo walishtuka, na mshtuko wao ukazaa mradi wa LUBILOSA, wa kutafuta dawa hai dhidi ya nzige, ulioanza 1989 na kuendelea mpaka 2002. Ulifanywa kwa pamoja na CABI ya Uingereza, IITA katika kituo chake cha Cotonou, Benin, na kituo cha kulinda mimea cha AGRHYMET kilichopo Niamey, Niger.

Watafiti hao walikuwa na pingamizi zito la kujibu. Vitabu vyote vilisema kuvu inahitaji unyevu ili iote, basi utaipeleka vipi Sahel? Jibu lilikuwa mafuta. Chris Prior na wenzake walishaonyesha mwaka 1988, katika majaribio ya fukusi wa kakao wa Papua New Guinea, kwamba spora zilizowekwa kwenye mafuta huua zaidi ya zilizowekwa kwenye maji. Tone la maji likianguka juu ya gamba lenye nta linajiviringa na kudondoka. Tone la mafuta linatandaa, linapenyeza spora kwenye mikunjo ya shingo na tumbo ambako gamba ni laini, na linaipatia spora unyevu wa kutosha kuota hata hewa ya nje ikiwa kavu. Isitoshe, mafuta hayapotei hewani upesi, kwa hiyo ndege inaweza kupulizia matone madogo sana, lita moja au mbili kwa hekta, badala ya mamia ya lita za maji ambayo jangwani hayapo. Na mbegu ya kuvu ya Green Muscle yenyewe haikuletwa kutoka Ulaya. Ilitolewa kwenye mwili wa panzi aliyekutwa Niger mwaka 1988. Nyumba yake ni Sahel, ndiyo maana inavumilia joto la Sahel.

Kuvu hiyo ni mlaji mchaguzi. Inaua nzige na panzi wa jamii yao, basi. Nyuki, ndege na samaki wa Malagarasi hawadhuriki nayo. Kwa mtunza mazingira hiyo ni neema. Kwa mfanyabiashara ni msiba, na hapa ndipo penye kiini cha sura hii. Nzige huja kwa vipindi. Wanaweza kupotea miaka kumi na tano, kisha wakafurika kwa miezi minane. Katika miaka ile ya ukimya hakuna anayenunua hata kilo. Sumu ya kemikali haiathiriki na hilo, kwa sababu kiwanda kile kile kinaiuza kwa wakulima wa pamba na mahindi kila msimu, na akiba iliyobaki inasubiri kwenye mapipa. Spora zina maisha. Zikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pa ubaridi hudumu zaidi ya mwaka. Kwenye kontena lililopigwa na jua bandarini hufa mapema. Huwezi kujaza ghala mara moja ukaondoka. Lazima pawepo na mtu anayeotesha, anayepima uhai wa spora, anayetupa zilizokufa na kuweka mpya, mwaka hadi mwaka, wakati nzige hawapo na bajeti inakatwa.

Hivyo makundi yalipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, makubwa kuliko yaliyowahi kuonekana nchini humo kwa miaka 70, kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa sumu. Niseme kwa haki kwamba kuvu isingetosha peke yake. Kundi la nzige wenye mabawa linaloweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku haliwezi kusubiriwa wiki mbili lianze kuugua; litakuwa limeshamaliza mtama wa wilaya tatu. Kuvu ina nguvu kwa tunutu, wale wachanga wanaotembea kwa makundi chini kabla hawajaota mabawa. Somalia iliamua kutegemea kuvu pamoja na dawa zinazowazuia tunutu kubadilisha gamba, ikakataa sumu za kawaida, kwa ajili ya wafugaji na mifugo yao. Nchi iliyochoka kwa vita ilionyesha kwamba inawezekana. Wale wenye wizara kubwa na maabara nzuri wana deni la kueleza.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii, wenye matumaini, na uko karibu na jikoni kwetu. Icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 jijini Nairobi, imekuwa ikikusanya kuvu za wadudu kwa miongo mingi. Nguya Maniania na Sunday Ekesi, watafiti wake, ni majina ambayo wakulima wa maembe na maharage machanga wangepaswa kuyajua kama wanavyoyajua majina ya wachezaji mpira. Kuvu yao maarufu, Metarhizium anisopliae ICIPE 69, ilitoka kwenye udongo wa Matete, Kongo, mwaka 1990. Nyingine, ICIPE 7, ilitolewa kwa kupe kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria. ICIPE 69 ilipelekwa kiwandani Thika na kampuni ya Real IPM, ikaingia sokoni kwa jina la Campaign, dhidi ya vithiripi, vidung'ata na inzi wa matunda. ICIPE 78 ikafuata kwa jina la Achieve, dhidi ya utitiri mwekundu.

Namna ya kuipata kuvu kwenye udongo ni rahisi kiasi kwamba mwalimu wa baiolojia anaweza kuifanya darasani. Unachukua udongo wa shamba, unauchekecha, unaulowanisha kidogo na kuutia kwenye kopo. Unaweka humo viwavi kadhaa vya nondo wa nta, wale wanaoharibu masega ya mizinga ya nyuki iliyozeeka. Kiwavi huyu ana ngozi laini na hana kinga ya kujivunia. Unaligeuza kopo kila siku kwa siku za mwanzo ili atembee tena kwenye udongo wote. Baada ya wiki mbili unafungua. Udongo wenye kuvu utakupa viwavi vilivyokufa na kukauka bila kuoza wala kunuka, vingine vimevaa koti jeupe, vingine la kijani. Udongo uliopigwa dawa za kuua kuvu miaka nenda rudi aghalabu hukupa viwavi wazima, na hayo pia ni majibu.

Kutoka kopo hadi pakiti, chombo kikuu ni mchele. Mchele unalowekwa, unatiwa kwenye mifuko, unachemshwa kwa mvuke wa kanieneo ili kuua vijidudu vyote, kisha unamwagiwa spora. Baada ya wiki mbili hivi kila punje imefunikwa na ukijani. Inakaushwa, inachekechwa, na unga unaobaki ndio dawa. Brazili inafanya hivyo kwa ajili ya mashamba makubwa ya miwa, dhidi ya mdudu anayenyonya mizizi na majani, na inatibu mamilioni ya hekta. Hakuna hatua hapo inayohitaji mtambo ambao Morogoro au Nakuru hakuna. Kinachohitajika ni usafi usio na mzaha.

Chukua mfano wa inzi wa matunda. Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa embe na kutaga. Funza huliozesha kwa ndani wakati nje bado linapendeza. Kenya ililazimika kusimamisha kuuza maembe Ulaya kuanzia 2014 mpaka 2021 kwa sababu ya mdudu huyu. Mkulima anapulizia sumu juu, lakini funza yuko ndani ya tunda, haipati. Ila kuna siku moja katika maisha yake ambapo hana pa kujificha: anapokomaa hudondoka chini ya mwembe na kujichimbia sentimita chache ardhini ili ageuke pupa. Udongo ule ukiwa na Metarhizium iliyochanganywa chini ya kivuli cha mti, ambako jua halifiki na unyevu upo, funza anazikwa pamoja na adui yake. Hata inzi anayefanikiwa kuchomoza hupenya udongo huohuo akitoka. Juu ya mti huning'inizwa chambo chenye spora ndani. Inzi huvutwa na harufu, anajipaka unga, anatoka, na kwenda kuwaambukiza wenzake wakati wa kupandana. Ukiongeza na kuokota na kuzika kila embe lililoanguka, msimu wa pili tofauti inaonekana wazi.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo dawa hii inapouawa na watumiaji wake. Mkulima wetu amezoea kuchanganya. Asubuhi moja, bomba moja: dawa ya wadudu, mancozeb ya bakajani, mbolea ya majani, yote pamoja, apulizie mara moja amalize. Mancozeb imetengenezwa ili iue kuvu, na haijui kuvu ipi ni rafiki. Ukiitia kwenye bomba moja na Metarhizium umenunua dawa mbili na kubaki na moja. Ziachanishwe kwa siku kadhaa, na bomba lioshwe vizuri. La pili ni saa. Mionzi ya jua huua spora zilizo wazi kwa muda wa saa chache, basi pulizia jioni, jua likishapoa. Spora zipate usiku mzima wa kuota, na nyuki nao watakuwa wamesharudi mzingani. La tatu ni subira. Hapa ndipo bwana shamba anapoitwa mwongo. "Bwana shamba, nimepulizia juzi, wadudu bado wanatembea, mmeniuzia feki." Hajauziwa feki. Amezoea kuwaona wakianguka ndani ya saa moja, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii ataona matokeo wiki ijayo. Kwa hiyo asisubiri wadudu wajae ndipo apulizie. Kuvu itumike mapema, idadi ikiwa ndogo, na irudiwe.

Kuna hofu nyingine ambayo siidharau hata kidogo. Kuvu inaua watu hapa kwetu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Mama aliyemzika mtoto kwa sababu ya mahindi yenye ukungu ana haki ya kuuliza maswali akiambiwa amwage kuvu shambani. Jibu ni kwamba sumukuvu inatoka kwa Aspergillus, kuvu nyingine kabisa inayoshambulia nafaka isiyokaushwa vizuri. Metarhizium haitengenezi sumu hiyo, na haistawi vizuri kwenye joto la mwili wa binadamu. Unga wa spora unaweza kuwasha pua na mapafu ya wenye mzio, kwa hiyo mpuliziaji afunike pua na mdomo. Zaidi ya hapo, ukilinganisha na madawa tunayoyapulizia kwenye nyanya leo tukiwa peku, na nyanya ikaliwa keshokutwa, sioni mjadala.

Udongo wenyewe unafaidika pia. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba Metarhizium inayoishi kwenye mizizi huchukua nitrojeni kutoka kwa mdudu iliyemuua ardhini na kuipitisha kwa mmea. Yaani mmea unalindwa na unalishwa, na mbolea ni adui yake mwenyewe. Na si mazao tu: huko Lupiro, Bonde la Kilombero, kuvu hii ilijaribiwa kwenye vitambaa vyeusi vilivyotundikwa ndani ya nyumba, na mbu waenezao malaria wakaambukizwa kwa kutua juu yake, matokeo yakachapishwa mwaka 2005.

Nirudi kwenye ghala tupu la nzige, kwa sababu mambo haya mawili ni mamoja. Kuvu ya nzige na kuvu ya inzi wa matunda ni aina tofauti, lakini zinaoteshwa kwenye mchele wa aina moja, kwenye mifuko ileile, na watu walewale. Kiwanda chenye wateja wa maembe, maharage, nyanya na maua mwaka mzima hakifi nzige wakiwa hawapo, na tunutu wakionekana Rukwa au Mandera kinaweza kubadilisha mbegu na kuanza kuotesha mara moja. Viwanda vya Kenya vimesimama imara kwa sababu ya mashamba ya maua na mboga za kuuza Ulaya, ambako mnunuzi hupima mabaki ya sumu na kurudisha mzigo. Mlaji wa Kariakoo au Gikomba hapimiwi nyanya yake, na kwa hiyo soko la ndani halijamsukuma mtu.

Hilo linaweza kubadilishwa na uamuzi wa kawaida wa serikali: zabuni ya kila mwaka, ndogo lakini ya uhakika, ya kununua kuvu ya nzige na kuihifadhi kwenye ubaridi, na usajili wa haraka zaidi kwa dawa hai katika mamlaka zetu za viuatilifu, pamoja na pakiti ndogo anazoweza kuzimudu mwenye robo eka. Wizara za kilimo za Dodoma na Nairobi zinayajua haya. Naomba ziyafanye kabla tunutu hawajaonekana tena, maana wakishaonekana muda wa kuotesha utakuwa umepita.

Nawe msomaji mwenye shamba, usisubiri wizara. Ukienda duka la pembejeo kutafuta dawa hii, kwanza soma tarehe ya kutengenezwa. Kisha muulize muuzaji pakiti imekaa wapi tangu ifike. Akikuambia friji, nunua. Ikiwa imepangwa dirishani chini ya bati pamoja na mbegu na sumu za panya, iache hapohapo na utafute duka lingine.